Saikolojia ya jamii chuo kikuu: somo ambalo lilipima hata redio za Kivu

Mutoto akishapata diploma ya Leta na kusema nyumbani kwamba anaenda kusoma saikolojia, mara nyingi wazazi wanamujibu hivi: « Basi utakuwa munganga wa wazimu? » Wengine wanauliza tu kama kazi iko. Swali la kazi lina uzito wake, kwani pesa za masomo ni nyingi. Lakini lile la wazimu limekosea mulango. Katika tawi linaloitwa saikolojia ya jamii, mwanafunzi hajifunzi kutunza wagonjwa. Anajifunza namna mutu muzima, mwenye akili yake timamu, anavyogeuka akiwa kati ya watu wengine: sokoni, kanisani, kwenye parkingi ya motari, ao ndani ya kundi la WhatsApp la familia.

Masomo haya si mageni inchini. Mwaka wa 1971, vyuo vikuu vilipounganishwa na kuitwa UNAZA, kitivo cha saikolojia kiliwekwa Kisangani. Leo yanafundishwa pia Kinshasa, Lubumbashi na kwingine. Katika mupango mupya wa LMD, hatua ya kwanza ni lisansi ya miaka 3.

Majaribio ya Solomon Asch, aliyoyafanya Marekani karibu mwaka wa 1951, ni kati ya mambo ambayo mwanafunzi anakutana nayo mapema. Mutu anaketi pamoja na wenzake, wanaonyeshwa mustari moja, kisha mingine mitatu, na kuulizwa ni upi unalingana na ule wa kwanza. Hata mutoto wa primeri anaweza kujibu. Lakini wale wenzake wamepangwa mbele ili wajibu uongo, wote pamoja. Watu karibu 3 kwa 4 walifuata uongo huo walau mara moja. Na kama mumoja tu kati ya wale waliopangwa anasema kweli, kufuata kunapunguka sana. Mutu aliyewahi kunyamaza katika mukutano wa mutaa anajua Asch alikuwa anapima nini.

Hadi hapo wanafunzi wanafurahi. Kisha inakuja statistiki, na wengi wanashituka, sababu waliingia wakizani watasikiliza tu habari za watu. Faida yake inaonekana kwa mufano wa Ebola. Mwezi wa 9 mwaka wa 2018, watafiti waliuliza watu 961 kule Beni na Butembo. Karibu mumoja kwa 4 alisema Ebola haiko. Chini ya mumoja kwa 3 alikuwa na imani kwamba viongozi wa pale wanatetea faida ya wakaaji. Na wale wasiokuwa na imani hiyo walikuwa pia wepesi kukataa chanjo. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika: kukosa imani ndiko kulileta kukataa chanjo. Mwalimu atapiga mustari mwekundu hapo. Maulizo yameonyesha mambo mawili yanatembea pamoja. Lipi linasukuma lingine, hayakuonyesha.

Kwa kujua hilo, inafaa jaribio lenyewe: sehemu fulani zinapewa kitu, zingine hazipewi, na kura ndiyo inaamua nani apewe. Jaribio la namna hiyo lilifanyika mashariki mwa Kongo, juu ya redio.

Mutafiti Mumarekani Elizabeth Levy Paluck alikuwa ameshafanya kazi Rwanda, juu ya Musekeweya, muchezo wa redio wa shirika La Benevolencija ulioanza mwaka wa 2004. Kisha akageukia Kumbuka Kesho, muchezo wa shirika hilohilo kwa wasikilizaji wa Kongo, wenye kuhimiza makabila kuishi pamoja. Kwa muda wa mwaka muzima, sehemu zote zilisikia muchezo. Sehemu zingine zikaongezewa kipindi cha mazungumzo nyuma yake, ambamo mutangazaji aliwahimiza wasikilizaji wajadiliane na wajaribu kuona mambo kwa macho ya wengine.

Nani angekataa mupango kama huo? Matokeo yalitolewa mwaka wa 2010. Waliosikia mazungumzo walijadiliana zaidi, kama ilivyotakiwa. Lakini walikuwa pia na uvumilivu kidogo kuliko wale waliosikia muchezo peke yake, na walikumbuka zaidi machungu ya zamani. Walipopewa chumvi na kuulizwa kama wako tayari kuitoa kwa kundi wasilolipenda, walikuwa wagumu zaidi kutoa.

Vitabu vinaeleza kwamba watu wenye mawazo ya kufanana wakizungumza peke yao, kila mumoja anatoka na musimamo mukali kuliko ule aliokuja nao. Waliketi na jirani, na jirani alikuwa na uchungu uleule. Kwa redio yoyote inayofungua simu juu ya ardhi ao kabila, habari hii ni nzito. Haisemi redio zifunge midomo, maana jaribio lilipima kipindi kimoja katika wakati wake. Lakini nia nzuri ya mutangazaji haikutosha, na bila kupima hakuna ambaye angelijua.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Bukavu ao Goma ana kazi ya kufanya. Watafiti walihesabu kwamba 96% ya watu waliopimwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka inchi zenye 12% tu ya wakaaji wa dunia, hasa Marekani na Ulaya. Kazi ya mwisho wa lisansi juu ya motari, likelemba ao foleni ya maji inaweza kuwa ndogo, lakini itakuwa juu ya watu ambao vitabu vimewasahau.

Kuhusu ajira, wazazi waambiwe wazi: lisansi peke yake haimupi mutu ruhusa ya kutunza wagonjwa wa akili. Wenye kuimaliza wanatafuta kazi katika mashule, maulizo ya mashirika, afya ya jamii na mambo ya wafanyakazi. Mbele ya kulipa, ni vizuri kuuliza kitivo mambo mawili: saa ngapi za statistiki zinafanyika kwa mazoezi, na staji inafanyika wapi.