Kopo la Transista

Katika vibanda vya mafundi redio, Mwanjelwa kule Mbeya au jirani na soko la Iringa mjini, kifaa kilichokufa hakitupwi, kinachinjwa. Spika huhamia kwenye boksi la kuchonga, transfoma husubiri amplifaya ya mteja mwingine, na transista hutumbukizwa kwenye kopo moja na wenzake. Kijana anayejifunza, akishamaliza “Shikamoo, fundi”, huanzia hapo: kung'oa spea bila kuziunguza. Itapita miezi kabla hajaruhusiwa kuchoma waya kwenye redio ya mtu. Anafunzwa kwa sikio zaidi kuliko kwa kitabu. Mvumo mzito ni kapasita ya pawa imekauka; mkwaruzo ni vumbi kwenye kitufe cha sauti.

Sikio hilo lina thamani kubwa kuliko mafundi wenyewe wanavyodhani. Huko California, miaka ya 1960, Don Buchla alitengeneza ala za muziki za umeme zinazoungwa kwa vipande, na kimojawapo kilitoa volti zisizotabirika. Vipande vya kukitengeneza kifaa cha namna hiyo vimo kwenye kopo lile lile. Chukua transista ya C945, uipe volti 12 kinyume: chanya iingie kwenye emita kupitia rezista kubwa, besi iende hasi, kolekta iachwe wazi. Umeme utapenya kwa fujo, na ukikuzwa kwa aisii utasikia mchachato kama wa redio iliyo katikati ya stesheni mbili, sauti ambayo kila fundi ameizoea. Kisha swichi ya kielektroniki ichote volti kwa kila mpigo, na kapasita iishike hadi mpigo unaofuata. Ipeleke volti hiyo kwenye kifaa cha kutoa noti: muziki utaruka juu na chini, na hata aliyekiunda hataijua noti ijayo.

Kuunda ala nyumbani si jambo geni huku. Wahehe wana ligombo, gogo lililochongwa kama hori na uzi ukapitishwa juu yake huku na huko. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alilirekodi mwaka 1950.

Natamani wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya waketi vibandani na mafundi hawa, mchoro upande mmoja, kopo upande wa pili. Waanze na betri ya pikipiki. Volti 230 za ukutani waziache mpaka fundi aseme.