Somo la Redio: Hesabu ya Umeme

Leo shikeni daftari na kalamu, maana somo letu ni la hesabu. Si hesabu ngumu. Ni kuzidisha na kugawanya tu, nanyi mmekwisha kujifunza yote mawili. Lakini mtu asiyeijua hesabu hii aweza kuunguza nyumba yake.

Kwanza tuyajue maneno yetu. Fikirini kundi la ng'ombe waingiao zizini jioni. Wachungaji wako nyuma wanawaswaga, na mlango wa zizi ni mwembamba. Nguvu ya kuswaga ndiyo mfano wa volti. Hesabu ya ng'ombe wapitao mlangoni kwa kila dakika ndiyo mfano wa ampea, yaani mkondo wa umeme. Wembamba wa mlango ndio mfano wa omu, yaani ukinzani. Ukiswaga kwa nguvu zaidi, watapita wengi. Mlango ukiwa mwembamba zaidi, watapita wachache. Ndivyo ulivyo umeme katika waya.

Mjerumani mmoja, Georg Simon Ohm, aliieleza kanuni hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1827. Neno omu limetoka katika jina lake. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni:

VOLTI gawanya kwa AMPEA = OMU.

Neno la nne ni wati. Wati hupima kazi ifanywayo na umeme kwa kila sekunde. Andikeni tena:

VOLTI zidisha kwa AMPEA = WATI.

Sasa tufanye mfano. Pale njia panda ya Tinde, malori hupita usiku na mchana. Malori makubwa hutumia umeme wa volti 24. Tuseme taa moja ya mbele inapitisha ampea 3. Omu zake ni ngapi? 24 gawanya kwa 3 ni omu 8. Na wati je? 24 zidisha kwa 3 ni wati 72. Mmeona? Kwa namba mbili tu tumezipata nyingine mbili.

Twende nyumbani. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Chukua pasi, igeuze, usome kibati chake. Tuseme kimeandikwa wati 1150. Ukitaka kujua ampea, gawanya wati kwa volti: 1150 kwa 230 ni ampea 5. Na ukinzani wake ikiwa moto? 230 gawanya kwa 5 ni omu 46.

Hesabu hii yakusaidia pia kujua matumizi yako. Wati 1000 zikitumika kwa saa moja ni uniti moja ya LUKU. Basi pasi hiyo ikiwa inavuta umeme mfululizo kwa saa mbili, itakula uniti 2 na sehemu 3 za kumi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hatari. Waya nao una ukinzani wake. Waya mwembamba una omu nyingi kuliko mnene, na mrefu una nyingi kuliko mfupi. Tuseme una waya mrefu, mwembamba, wenye omu 1. Ukipitisha ampea 5, waya wenyewe utapoteza volti 5. Volti 5 mara ampea 5 ni wati 25, nazo zote hugeuka joto ndani ya waya. Ukipitisha ampea 10, utapoteza volti 10. Volti 10 mara ampea 10 ni wati 100. Angalieni: ampea zimeongezeka mara mbili, lakini joto limeongezeka mara nne! Ndiyo sababu mtu akichomeka pasi, jiko na birika katika ekstensheni moja nyembamba, plastiki ya waya huyeyuka, na moto huanza.

Fyuzi imewekwa ili ikatike kabla waya haujaungua. Ikikatika, usiweke msumari wala waya wa shaba mahali pake. Kufanya hivyo ni kama kumfunga mbwa mdomo ili asibweke mwizi anapokuja. Tafuta kwanza sababu, kisha weka fyuzi ya ampea zilezile.

Wenye umeme wa jua nao wajihadhari. Katika betri ya volti 12, ampea 2 zikipita katika waya wa omu 1, volti 2 hupotea. Zabaki 10, na taa hufifia. Wengi hulaumu betri, kumbe ni waya. Tumieni waya mnene na mfupi.

Kwa sababu hiyohiyo, umeme wa safari ndefu, kama ufikao Shinyanga kwa nguzo kubwa, husafirishwa kwa volti 220,000. Kwa hesabu nyepesi, wati 220,000 kwa volti hizo ni ampea 1 tu. Kwa volti 220 zingekuwa ampea 1000, na waya wa kuzichukua ungekuwa mnene ajabu.

MASWALI

1. Jiko la umeme limeandikwa volti 230, wati 2300. Linapitisha ampea ngapi? Ukinzani wake ni omu ngapi?

2. Ekstensheni yako imeandikwa ampea 13. Je, yaweza kuchukua jiko hilo pamoja na pasi yetu ya ampea 5?

MAJIBU

1. Ampea 10, omu 23.

2. Haiwezi. 10 na 5 ni 15, nayo imezidi 13.

Kabla ya kulala leo, someni vibati vya vyombo vyenu, mjumlishe ampea zake. Kwaherini.