Kona 21 za Alpe d'Huez: nani anabaki nawe mlima ukikaza?

Katika vikundi vyetu tunasema kila juma kwamba tuko pamoja. Mahali pa tambarare neno hilo ni rahisi. Juma hili tunawapeleka mbali kidogo, huko Ufaransa, kwenye mlima mmoja ambao watu wanaupanda kwa velo, ili muone namna urafiki unavyopimwa mpando unapoanza. Habari ni mbili: moja ya wanawake ambao velo ndiyo kazi yao, nyingine ya marafiki wa kawaida, baba na mama wa nyumba, waliojipa shida ya kuupanda mlima huohuo mara sita kwa siku moja.

Mlima wenyewe unaitwa Alpe d'Huez. Njia yake inaanzia karibu na mji mdogo wa Bourg-d'Oisans na ina urefu wa kilomita 13.8. Ina kona kali 21, na kila kona ina kibao chenye namba na majina ya watu walioshinda pale katika Tour de France, kuanzia Fausto Coppi wa Italia mwaka 1952. Namba zinahesabiwa kwa kurudi nyuma. Kona ya kwanza unayokutana nayo ni ya 21, ya mwisho ni ya 1. Kwa hiyo mwenye kupanda hahesabu alichomaliza, anahesabu kilichobaki.

Katika kila mita 100 za njia, unapanda mita 8. Mama wa Bukavu anayetoka kando ya ziwa na mzigo mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso, hahitaji kuelezwa maana yake. Hata manseba wa Lubumbashi, wale wanaosukuma kinga zilizojaa magunia ya makala, wanajua kwamba mpando mdogo unaweza kummaliza mtu mwenye nguvu.

Sasa, kabla ya kusimulia mashindano, kuna jambo moja la kuelewa, maana bila hilo habari yote itaonekana kama ugomvi wa watu wanaokimbizana. Mahali pa tambarare, adui mkubwa wa mtu wa velo ni upepo. Anayekaa mbele anaupasua upepo, na anayekaa nyuma yake, karibu kabisa na gurudumu, anapumzika. Anaweza kupunguza karibu theluthi moja ya kazi. Ndiyo maana wanashindana kwa ekipe. Mmoja anachaguliwa kuwa mkubwa wa ekipe, wengine wanamtumikia: wanamletea maji, wanamkinga na upepo, akipasuka tairi wanampa gurudumu lao. Hao wenzake wanafika mwisho wakiwa wa 60 au wa 90, na hakuna anayewataja. (Mama anayepika kwenye harusi wakati wengine wanapigwa picha ataelewa.)

Lakini mlimani mwendo unapungua, upepo hauna nguvu tena, na kila mtu anabeba uzito wake mwenyewe. Rafiki hawezi kukuvuta. Kwa hiyo mlima unaonyesha yote yaliyotendeka kabla ya kuufikia: nani alikutunza kwenye tambarare, na nani alikuacha.

Tour de France ya wanawake ya mwaka 2024 ilianza Rotterdam, Uholanzi, tarehe 12 Agosti, ikapita Ubelgiji, ikaingia Ufaransa. Iliyapanga mambo hivi: hatua nane kwa siku saba, na hatua ya mwisho, tarehe 18, imalizikie juu ya Alpe d'Huez. Demi Vollering wa Uholanzi ndiye aliyeshinda mwaka uliotangulia, na wengi waliona atashinda tena. Siku ya pili tayari alikuwa amevaa jezi ya manjano, ile anayovaa mwenye muda mzuri kuliko wote.

Katika hatua ya tano, zikiwa zimebaki kilomita kama sita kufika Amnéville, watu wengi wakaanguka kwa pamoja. Vollering alikuwa miongoni mwao. Aliinuka kwa taabu, akapanda velo, akaenda. Wakati huo ekipe yake ilikuwa na mtu mwingine mbele, Blanka Vas wa Hungary, na Vas akashinda hatua ya siku ile. Vollering alifika akiwa amepoteza dakika 1 na sekunde 47, na jezi ikamtoka. Maneno yakawa mengi sana. Wengine waliuliza: mbona wenzake hawakurudi nyuma kumngoja na kumvuta? Wengine wakajibu kwamba katika vurugu za kilomita za mwisho, mtu hajui nani ameanguka. Sisi tulio mbali hatuwezi kuhukumu. Ila tunajua katika vikundi vyetu pia: mwenzetu anaanguka siku ileile ambayo mwingine ana sherehe, na kila mtu anatazama upande wa sherehe.

Jezi ilikwenda kwa Katarzyna Niewiadoma wa Poland, ambaye watu wanamwita Kasia. Huyu alikuwa amemaliza wa tatu mwaka 2022, na wa tatu tena mwaka 2023. Asubuhi ya siku ya mwisho alimzidi Vollering kwa dakika 1 na sekunde 15. Mbele yao palikuwa na karibu kilomita 150 na milima mikubwa, wa mwisho ukiwa ni Alpe d'Huez.

Vollering hakungoja mlima wa mwisho. Alishambulia kwenye mlima uliotangulia, Col du Glandon, ambao nao una mpando wa karibu kilomita 20. Kasia akabaki nyuma. Mholanzi mwingine, Pauliena Rooijakkers, ndiye peke yake aliyeweza kumfuata Vollering, na hakuwa wa ekipe yake. Waliteremka, wakaingia bondeni.

Hapo bondeni, mama, ndipo mambo yalipoamuliwa, ingawa wapiga picha wote wanapenda mlima. Vollering alikuwa mbele na upepo usoni, bila mtu wa ekipe yake wa kupokezana naye. Nyuma, Kasia naye hakuwa na mwenzake hata mmoja, lakini alijikuta katika kundi dogo, na ndani yake alikuwemo Lucinda Brand wa ekipe nyingine, aliyekuwa akivuta kwa nguvu kwa faida ya mwenzake. Hakuwa anamsaidia Kasia. Lakini upepo hauulizi uko ekipe gani. Anayekaa nyuma anapata kivuli. Kasia alikaa nyuma, akala, akanywa, akatunza nguvu zake.

Kisha kona ya 21. Vollering na Rooijakkers mbele, Kasia nyuma, na tofauti ikaongezeka kona kwa kona. Kuna wakati ilionekana jezi imekwisha kumtoka. Vollering alishinda hatua. Anayeshinda hatua anapunguziwa sekunde 10 katika hesabu yake. Saa ikaendelea kuhesabu. Kasia alifika wa nne, dakika 1 na sekunde 1 baadaye.

Fanyeni hesabu. Alikuwa na sekunde 75. Zimetoka 61, zimetoka tena 10. Zimebaki 4. Baada ya siku saba za kupanda na kuteremka, wanawake wawili walitenganishwa na sekunde 4, na Rooijakkers akawa wa tatu kwa sekunde 10 tu. Katika Tour de France, ya wanaume au ya wanawake, haijapata kutokea tofauti ndogo kama hiyo. Ya wanaume iliyokuwa ndogo kuliko zote ni sekunde 8, mwaka 1989.

Mimi ninapoitazama hesabu hiyo siwaoni wawili hao tu. Namwona pia Brand bondeni, ambaye jina lake halimo kwenye kombe lolote la siku ile. Na nafikiri juu ya zile kilomita sita za Amnéville. Mtu mmoja angerudi nyuma na kumkinga Vollering na upepo kwa dakika chache, sekunde 4 zingepatikana kwa urahisi.

Neno moja juu ya malipo, maana kuna mama atauliza. Aliyeshinda kwa wanawake mwaka ule alipewa euro 50,000. Kwa wanaume ni 500,000. Ni kweli kwamba wanaume wanakimbia majuma matatu na wanawake siku chache, lakini majuma matatu si mara kumi ya siku saba. Hata hivyo kuna hatua iliyopigwa: mwaka 1984, Marianne Martin wa Marekani aliposhinda Tour ya wanawake ya kwanza iliyoandaliwa pamoja na ya wanaume, alipewa dola 1,000 na kombe. Mashindano hayo yalisimama baada ya mwaka 1989, na haya ya sasa yalianza 2022. Na kwa wale wanaosema mwanamke akizaa ameacha michezo: Lizzie Deignan wa Uingereza alipata binti mwaka 2018. Ekipe mpya ilimwandikia mkataba akiwa bado na mimba. Mwaka 2021 alishinda Paris-Roubaix, mara ya kwanza kabisa njia ile ya mawe kufunguliwa kwa wanawake.

Tuje sasa kwa marafiki wa kawaida. Mwaka 2006 Waholanzi 66 walikwenda Alpe d'Huez na velo zao. Mmoja wao, Peter Kapitein, alikuwa mgonjwa wa kansa. Wazo lilikuwa kuupanda mlima mara sita kwa siku moja, na kila mmoja kuomba ndugu na jirani zake watoe fedha kwa ajili ya utafiti wa kansa. Walilipa jina Alpe d'HuZes, maana "zes" kwa Kiholanzi ni sita. Tangu hapo maelfu wameifuata njia hiyo, kila mwaka mwanzoni mwa Juni, na zimekusanywa euro zaidi ya milioni 100.

Hapo hakuna mshindi. Mara sita ni karibu kilomita 83 za kupanda tu, na zaidi ya mita 6,000 kwenda juu. Wanaanza gizani, kabla ya mapambazuko, taa zikiwa zimewashwa. Wengine wanaweza mara sita, wengine mara moja, wengine wanapanda kwa miguu. Kuna anayepanda na picha ya mama yake shatini, na kuna mgonjwa mwenyewe anayepanda kati ya matibabu na matibabu.

Namna marafiki wanavyoweza kumaliza kazi kama hiyo haina siri. Unaanza polepole kiasi cha kuweza kuzungumza. Ukishindwa kumjibu mwenzako, unakwenda mbio mno. Unakula kabla ya kusikia njaa, maana njaa ikishafika mlimani umechelewa. Unatumia vitesi nyepesi tangu chini, hata kama watoto wanakucheka. Unavaa koti wakati wa kuteremka, kwa sababu jasho linageuka baridi, na mkono uliokufa ganzi haukazi breki. Na wenye nguvu wasiwangoje wenzao juu kileleni, ambako wanapata baridi na kukasirika. Wakubaliane kukutana chini.

Kilichowafanya watu watoe fedha nyingi vile ni ahadi moja: kila senti iliyotolewa kwa kansa itakwenda kwa kansa, na gharama za safari zitalipwa kutoka mfuko mwingine. Mwaka 2013 magazeti ya Uholanzi yakaandika kwamba mmoja wa waanzilishi alikuwa amelipwa kwa kazi yake. Huenda alifanya kazi kweli; kulipwa kwa kazi si wizi. Lakini watu walikuwa wameambiwa jambo lingine. Hasira ilikuwa kubwa, na miaka iliyofuata michango ilipungua sana. Wenye likelemba wanaijua hali hii vizuri kuliko Waholanzi. Sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa mama watatu halikubuniwa kwa sababu mama hao ni wezi. Lilibuniwa ili hata asiyeiba asishukiwe.

Vikundi vingine vimeuliza kama jambo la namna hii lingewezekana kwetu, kwa mfano kusaidia mama wenzetu kufika hospitalini kupimwa kansa ya mlango wa kizazi, ambayo inatuua wengi na inaweza kugunduliwa mapema. Velo si lazima. Kwa miguu inatosha. Chagueni mpando mmoja ambao kila mtu wa kartiye anaujua. Semeni mapema, mbele ya watu, fedha zitakwenda wapi na nani ataziandika. Pangeni wawili wawili, mwepesi pamoja na mzito. Na mkiweka vibao kwenye kona, andikeni namba kuanzia ile kubwa huku chini.