Wanne Waliobeba Kitanda



Baba mmoja wa Kibaoni, katika bonde la Mpimbwe, alinijia jioni moja baada ya mavuno ya mpunga. Ameniruhusu nisimulie, bila jina. "Padre," aliniambia, "fedha ya mpunga wote nimeinywa. Usiku mtoto wangu akisikia hatua zangu, anazima taa na kujifanya amelala. Nataka kuacha. Nisaidie."

Nilifurahi, kisha nikakosea. Nilimwapisha mbele ya msalaba kwamba hataonja tena pombe maisha yake yote, nikambariki, nikamwacha aende.

Siku ya tatu mkewe aliniita. Nilimkuta akitetemeka, jasho likimtiririka, akiona wadudu ukutani. Majirani walisema amerogwa. Tulimkimbiza kituo cha afya, na mganga akatufundisha jambo ambalo sikulipata seminarini: mtu aliyezoea kunywa sana kwa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa. Aache, ndiyo, lakini chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya.

Hapo nikakumbuka Injili ya Marko, sura ya pili. Yule mwenye kupooza hakufika kwa Yesu kwa nguvu zake. Watu wanne walimbeba, wakatoboa dari, wakamshusha. Marko haandiki kwamba walimkaripia njiani. Na Yesu alitazama imani yao.

Baba huyu naye amepata wanne wake. Mganga anampima. Mkewe anatunza fedha. Mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ameondoa pombe kwenye sherehe za jumuiya. Wa nne ni jirani aliyewahi kuwa mlevi. Kila jioni, saa ile ya kwenda kilabuni, anakuja wakae pamoja. Siku baba alipoteleza harusini, jirani alimfuata, akamrudisha nyumbani bila neno.

Mimi nami nimejifunza. Matt Talbot, kibarua wa Dublin, Ireland, aliacha pombe mwaka 1884 akiwa na miaka 28. Mwanzo aliahidi miezi mitatu tu. Akaongeza, akaongeza tena, hata akafa mwaka 1925 bila kuirudia. Sasa simwapishi mtu maisha yote. Ninamwambia: leo usinywe, kesho tuonane.

Mpendwa, kama mzazi huyo ni wewe, usione haya. Mwambie mtu mmoja leo, na kesho nenda kituo cha afya. Kama si wewe, bila shaka unamfahamu. Unamcheka, unamsema, au umeshika pembe moja ya kitanda chake?

Safari ya baba huyu bado ni ndefu. Lakini juzi aliniambia kwamba alirudi usiku kutoka kwenye sala ya jumuiya, akakuta taa inawaka.

Jumapili njema.