Iachie AI kazi, lakini ‘tuma’ bonyeza mwenyewe

TUSEME una vyumba vitatu vya kukodisha Diani. Umechoka kujibu WhatsApp usiku wa manane, basi umeiachia AI, hii akili unde inayozungumziwa kila kona, ijibu wateja, itaje bei na ikubali oda. Wewe unalala fofofo.

Saa nane usiku, mtu wa Nairobi anauliza chumba cha Disemba 26. Programu inapekua jumbe za zamani, inakuta bei ya Mei, mvua ikinyesha na wageni hakuna: Sh3,500. Inamjibu kwa adabu na kumpa namba ya till. Ukiamka, pesa zimeingia. Chumba ambacho msimu huo hukiachii chini ya Sh9,000 kimeshauzwa kwa bei ya mvua. Utamwambia nini? “Si mimi, ni kompyuta”?

Jibu hilo lilishajaribiwa, likagonga mwamba. Kule Canada, roboti ya kujibu maswali kwenye tovuti ya Air Canada ilimwambia abiria aliyefiwa na nyanya yake kwamba angeweza kuomba punguzo la nauli ya msiba hata baada ya kukata tiketi. Haikuwa kweli. Kampuni ikajitetea kuwa roboti inawajibikia maneno yake yenyewe. Februari 2024, baraza la kuamua mizozo la British Columbia lilikataa utetezi huo na kuamuru abiria alipwe.

Uamuzi huo haufungi mahakama ya Kwale, lakini mteja wako atafikiri vivyo hivyo: aliyeahidi ni wewe.

Kipi uachie, kipi ushike

Hatusemi uizime. Kuandika rasimu ya majibu, kutafsiri ujumbe wa Mjerumani, kupanga oda, kukukumbusha nani hajalipa: iache ifanye. Kwa mengine, jiulize swali moja tu. Hili likishaenda, linarudi?

Pesa hazirudi kirahisi. Ndiyo maana hata M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kwanza. Ukituma kwa mwingine, unabaki kubembeleza.

Ankara nayo hairudi. Ukiwa na duka la vifaa vya ujenzi Msambweni na unatumia eTIMS ya KRA, ankara iliyokwisha kupokelewa huifuti. Inabidi utoe hati nyingine ya kuirekebisha. Sasa fikiria programu imetoa arobaini zenye bei mbovu ukiwa chai.

Ahadi ndiyo mbaya zaidi. Kama unauza safari za boti kutoka Shimoni kwenda Wasini na Kisite-Mpunguti, AI inaweza kumhakikishia mgeni pomboo “asilimia mia”. Pomboo hawajaajiriwa na mtu! Tena itachukua oda ya Julai, kusi likivuma, bila kumuuliza nahodha bahari ikoje. Hapo kibali chako kinahusu uhai wa watu.

Usikubali usingizini

Hapa ndipo wengi hunaswa. Umeiagiza programu ikuulize kabla ya kutuma. Siku ya kwanza unasoma kila neno. Wiki ya tatu umebanana kwenye feri ya Likoni, simu inalia mara ishirini, na wewe ni kubali, kubali, kubali. Kuna tofauti gani na kutoulizwa?

Dawa ni kuulizwa machache lakini mazito. Weka kiwango: chini ya pesa fulani ijiendee, juu yake isubiri. Ombi la kibali likuonyeshe jina, tarehe na kiasi kwa mstari mmoja. Na usipojibu, isijipe ruhusa, imwambie mteja, “Tumepokea ombi lako, tutathibitisha asubuhi.” Ndiyo, mmoja wawili watahamia kwa jirani. Afadhali hao kuliko kumpigia mtu Disemba 20, tiketi ya SGR keshakata, umwambie bei ilikuwa kosa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari linajiandika lenyewe, lakini bado linahitaji msomaji. Kwa hivyo leo kabla hujalala, fungua mipangilio ya programu yako, uangalie ni mambo gani inayafanya bila kukuuliza. Anza na pesa.