Kilingala hawakijui, Mario wanamjua

Kwenye harusi za Dar es Salaam au Nairobi, DJ anayetaka kuwainua wazee vitini hana kazi kubwa. Anaweka rumba ya Kongo, anamwacha mwimbaji amalize beti zake, kisha anangoja. Gitaa la solo likianza kuzungusha kipande kimoja kifupi, tena na tena, mezani hubaki mikoba na chupa za soda. Ukiwauliza waliojaa uwanjani mwimbaji alikuwa akisema nini, wengi watacheka na kuendelea kucheza.

Mambo yamekuwa hivyo tangu enzi za santuri. Watu wa pwani na bara ya Afrika Mashariki wamechumbiana, wameoana na hata kuwapa watoto wao majina kwa nyimbo za Kilingala ambazo maneno yake hawayaelewi. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ushamba, eti mtu anatikisa kichwa kwa asichokijua. Lawama hiyo haiwatendei haki wasikilizaji, na haiutendei haki muziki wenyewe.

Rumba ya Kongo ina sehemu mbili. Kwanza huja uimbaji, polepole, sauti mbili tatu zikipandana. Halafu waimbaji hurudi nyuma na kuliachia gitaa ukumbi mzima. Hapo ndipo penye sebene. Mpiga solo huchagua kifungu cha noti chache na kukirudia, akikigeuza kidogo kila baada ya mizunguko kadhaa. Gitaa la pili hujibu katikati ya nafasi alizoziacha. Besi husukuma kutoka chini. Mpiga dramu naye hukaza mwendo. Sebene ya bendi nzuri inaweza kwenda dakika nyingi bila ubeti hata mmoja, na hakuna atakayesema amepunjwa. Mwimbaji Kanda Bongo Man aliipenda sehemu hiyo kiasi kwamba katika miaka ya 1980 alipunguza ule utangulizi wa polepole, akampeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye kasi. Nairobi ilimpokea kama mtoto wake.

Ndani ya sebene husikika pia mtu anayepiga kelele za kuchochea wachezaji. Kinshasa humwita atalaku, na bendi za dansi za Tanzania humwita rapa. Kazi yake ni kutoa amri za mtindo, milio, vibwagizo na majina ya watu, wakiwemo matajiri waliolipia kutajwa. Maneno haya hutumika kama ala, na sikio la mgeni huyapokea hivyohivyo.

Kuna jambo jingine la karibu zaidi. Silabi za Kilingala, kama za Kiswahili, kwa kawaida huishia kwa irabu, na lugha zote mbili ni za Kibantu. Ndiyo maana kijana wa Tanga anaweza kufuatisha wimbo wa Mbilia Bel sauti kwa sauti, akakosea maneno mengi, lakini asiupoteze mwendo. Kinywa chake kimezoea umbo hilo tangu utotoni.

Si kweli, hata hivyo, kwamba maana haikufika kabisa. Mwaka 1985 Franco Luambo Makiadi na TP OK Jazz walitoa wimbo wa “Mario”, kisa kirefu cha kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri na fedha, na asiyetaka kujitafutia. Leo mtaani Tanzania mwanamume wa namna hiyo huitwa marioo, na wanaolitumia jina hilo wengi hawawezi kutafsiri mstari mmoja wa Franco. Kisa kilisafiri kwa kusimuliana. Wanamuziki wa Kongo waliohamia huku nao waliijua lugha ya wenyeji. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku, na alipofika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy hakuhitaji mkalimani. Samba Mapangala na bendi yake ya Virunga, wakiwa Nairobi, walichanganya Kilingala na Kiswahili bila shida. Kwa watu kama hao, msikilizaji alipata fununu ya wimbo unahusu nini, na fununu ilimtosha.

Utafiti nao umegusa suala hili. Mwaka 2018 Samuel Mehr wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililowashirikisha wasikilizaji 750 kutoka nchi 60. Walisikilizishwa vipande vya sekunde 14 vya nyimbo kutoka jamii ndogo 86 duniani, kisha wakaulizwa kila wimbo unaimbiwa nini. Nyimbo za kucheza na za kubembelezea watoto walizitambua vizuri. Nyimbo za mapenzi ndizo zilizowashinda.

Wapenzi wa rumba wanapaswa kulitafakari hilo, maana rumba imejaa mapenzi, na mapenzi yake mara nyingi ni machungu. “Kasongo” wa Orchestra Super Mazembe hupigwa harusini hadi leo huku bibi harusi akishangilia, ilhali ni kilio cha mke anayemsihi mume aliyeondoka arudi nyumbani. Mwishoni mwa 2024 wimbo huo ulifufuka mitandaoni nchini Kenya, na vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kurekodiwa kwake wakampachika Rais William Ruto jina la Kasongo. Utamu wa gitaa ulikuwa umeyafunika majonzi ya yule mke kwa miongo kadhaa. Hiyo ni hasara, na ni haki kuitaja.

Zanzibar inaijua hasara hiyo, na inajua pia inavyofidiwa. Taarabu ya ikulu ya sultani, na baadaye ya kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, iliimbwa kwa Kiarabu. Wengi walifurahia kanuni, udi na fidla bila kuyafuata mashairi. Siti binti Saad alipoimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi, watu wa mitaa ya Ng'ambo mjini Zanzibar walianza kusikia habari za mtaani kwao, hata kesi za mahakamani, zikitoka kwenye gramafoni. Ladha ya muziki haikuondoka. Iliongezewa mambo ya kujadiliana. Ila bila ya miaka ile ya kusikiliza lugha ya wengine, masikio yasingekuwa tayari kuipokea sauti yake.

Mswahili naye anapaswa kukumbuka kwamba yeye pia huimbwa na wasiomwelewa. “Malaika” imepita kwa Miriam Makeba, Harry Belafonte, Boney M na Angélique Kidjo wa Benin, na umati wa Ulaya na Marekani umeipigia makofi bila kujua kwamba kijana wa kwenye wimbo anashindwa kuoa kwa kukosa mali. Matamshi huteleza hapa na pale. Mzee wa Mombasa anayesikia irabu ikivutwa pasipotakiwa hutabasamu, kisha huongeza sauti ya redio.

Siku hizi Kiswahili na Kilingala hukutana ndani ya wimbo mmoja. Mwaka 2019 Diamond Platnumz wa Tanzania alimshirikisha Fally Ipupa wa Kongo kwenye “Inama”, na mwaka uliofuata akamleta Koffi Olomidé kwenye “Waah!”. Kila mmoja aliimba kwa namna aliyozoea. Dar es Salaam iliipokea sehemu ya Koffi kama ilivyompokea Franco, na kule Kinshasa, ambako Kilingala ndicho lugha ya mtaani, zamu ya kucheza bila kuelewa ikawa yao kila Diamond alipoingia.