Kutoka Iten hadi Baringo: Nchi Nne katika Njia Moja

Watu wengi wanaosafiri katika Kenya huijua barabara kuu itokayo Mombasa, ikapita Nairobi, Nakuru na Eldoret hata kufika Malaba, mpakani mwa Uganda. Barabara hiyo huwafikisha watu upesi, lakini mtu akiifuata hiyo peke yake hawezi kuijua nchi. Nchi hujulikana katika njia za kando na miji midogo, mahali ambapo wakulima na wafugaji hukutana siku za soko. Njia mojawapo yenye mafunzo mengi ni ile itokayo Eldoret, ikapita Iten, Tambach na Kabarnet, ikateremka hadi Marigat na Ziwa Baringo. Urefu wake hauzidi kilomita 150, lakini msafiri hupita katika nchi nne zisizofanana kwa hewa, kwa mimea, wala kwa kazi za watu. Tena jambo moja hulikuta kila mahali: akaaye juu ndiye ayashikaye maji ya akaaye chini.

ITEN, UKINGONI MWA BONDE

Kutoka Eldoret mpaka Iten ni kilomita 35 hivi, na nchi ni uwanda wa juu. Hulimwa mahindi, ngano na viazi, na ng'ombe wa maziwa huonekana mashambani. Mji wa Iten uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watu huvaa makoti. Hewa yake nyepesi ndiyo iliyoupatia sifa duniani, maana mwili uliozoea kukimbia hapa hupata nguvu zaidi ukishuka nchi za chini. Katika shule ya St. Patrick's, alikofika mwalimu Colm O'Connell kutoka Ireland mwaka 1976, wametoka wakimbiaji mashuhuri. Mmoja wao ni Peter Rono, aliyeshinda mbio za mita 1,500 katika michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988.

Mtu akiupita mji tu, ardhi hukatika ghafula. Mbele yake ni Bonde la Kerio, tawi la lile Bonde la Ufa lililofanyika zamani sana, ardhi ilipopasuka na kudidimia. Barabara huteremka kwa kuzungukazunguka, ikipita Tambach, mji uliokuwa makao ya wilaya kabla makao hayo hayajahamishiwa Iten. Dereva mwenye akili hutia gia ndogo tangu juu, wala hategemei breki peke yake, kwa sababu breki zikikanyagwa muda mrefu hushika moto na kushindwa kazi.

JOTO LA BONDE

Kutoka ukingoni mpaka chini bondeni ni mteremko wa zaidi ya mita 1,000, na kwa kila mita 1,000 mtu ashukazo, joto huongezeka karibu digrii 6. Ndiyo sababu koti lililovaliwa Iten huvuliwa Biretwo. Hapa hakuna ngano wala viazi. Watu hulima mtama, wimbi na maembe, hufuga mbuzi, na mizinga ya nyuki hutundikwa mitini. Siku ya soko viazi na kabichi hushuka, na maembe na asali hupanda. Hivyo watu wa juu na watu wa chini hulishana, na mahali pa kubadilishana ni ile miji midogo ambayo mpita njia huidharau.

Kutoka Biretwo njia nyingine huelekea kaskazini, ikifuata mguu wa mlima hata Arror, Chesongoch na Tot. Huko Wamarakwet walichimba mifereji tangu karne nyingi zilizopita. Huyakinga maji ya mito itokayo msituni juu, wakayapitisha kando ya majabali kwa mawe, magogo na matawi, mpaka yakafika mashamba yaliyo bondeni. Mifereji hii ni mali ya koo. Wanaume huitengeneza kwa pamoja, na kila mwenye haki hupewa zamu yake ya maji. Kazi hii ilifanywa bila mashine wala wahandisi kutoka mbali, na mpaka leo inalisha watu.

Lakini mlima uleule uletao maji waweza kuleta msiba. Mwezi wa Aprili 2020 mvua kubwa iliporomosha udongo na mawe, ukaharibu soko la Chesegon na kuua watu wengi. Mwanzo wa Novemba 2025 maporomoko mengine yaliwaangukia watu wa Chesongoch usiku, wakiwa wamelala. Mvua haizuiliki, na mlima mkali ni mkali. Lakini mahali ambapo miti imekatwa na mteremko kulimwa, udongo hauna mizizi ya kuushika.

KABARNET NA MILIMA YA TUGEN

Barabara kuu huvuka Mto Kerio penye korongo jembamba la mawe liitwalo Cheploch. Mto huu huenda kaskazini mpaka Ziwa Turkana. Kisha njia hupanda tena, na hewa hupoa, mpaka Kabarnet, makao ya Baringo, mji ulio juu ya milima ya Tugen. Katika milima hii, mwaka 2000, wataalamu waligundua mifupa ya kiumbe waliyemwita Orrorin, aliyeishi miaka milioni 6 hivi iliyopita. Mifupa ya namna hiyo huonekana kwa kuwa maji yamekula ardhi kidogo kidogo. Ni faida kwa wataalamu, lakini ni hasara kwa mkulima ambaye udongo wake ndio uliochukuliwa.

MARIGAT NA ZIWA

Upande wa mashariki barabara hushuka mpaka Marigat, nchi kavu ya migunga na mbuzi. Hapa ndipo ulipo mradi wa kumwagilia maji wa Perkerra, ulioanzishwa mwaka 1954 kwa kazi ya watu waliofungwa vizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Maji ya mto Perkerra yaliigeuza nchi kavu kuwa mashamba ya vitunguu na pilipili, na baadaye ya mahindi ya mbegu.

Mbele kidogo ni Ziwa Baringo. Maji yake si ya chumvi, bali mara nyingi huwa na rangi ya udongo, kwa maana ni udongo kweli: umetoka katika miteremko iliyokosa miti na majani kwa kulimwa na kulishwa mifugo kupita kiasi. Tangu miaka ya 2010 ziwa limepanda sana kwa wingi wa mvua, likameza nyumba, mashule na mashamba, na watu wa Kampi ya Samaki wakalazimika kuhama.

Msafiri atakayeifuata njia hii yampasa kuuliza habari za barabara kwa wenyeji, hasa wakati wa masika. Akikuta mto wa mchanga umejaa maji, asivuke mpaka yapungue. Na akiisha kufika ziwani, atakuwa ameona kwa macho yake kwamba mti unaoachwa juu ya mlima si wa mwenye shamba lile peke yake. Ni wa mwenye mfereji chini, na wa mvuvi pia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Makorongo yanayoanza leo katika miteremko hiyo bado ni membamba, na kuyaziba kwa mawe, majani na miche ya miti ni kazi iliyo katika uwezo wa watu wa kijiji kimoja.